Mawe Meupe Mwisho wa Jukwaa

Sehemu ya Kumi na Moja

Koti lilikuwa la baba yake. Hapo ndipo tulipomwacha Fundi, binti mshonaji, amepiga magoti kwenye vumbi la ukuta uliopasuliwa, vidole vimeng'ang'ania kiraka cha kiwiko cha koti kuukuu.

Wapo wasomaji walionisumbua wiki nzima kwamba huenda amekosea, makoti ya kazi yanafanana. Jamani, mtu aliyeanza kushika sindano akiwa na miaka tisa hakosei mshono wa mama yake. Kiraka kile kilishonwa kwa uzi wa kahawia, mishono miwili mbele, mmoja kurudi nyuma. Anayeshona hivyo ni mmoja tu, na kwa ajili hiyo anachekwa mpaka leo.

Wewe uliyechelewa kupanda, ingia upesi, nitakueleza huku tunakwenda.

Stesheni yetu hii ndogo ilikuwa ya njia ya pembeni, reli moja tu iliyochepuka kutoka njia kuu kwenda kwenye machimbo ya mawe. Enzi zake treni ilipita mara mbili kwa siku. Mawe yalipopungua ikawa mara mbili kwa wiki, kisha ikawa inakuja kama mgeni asiye na hakika kama amealikwa. Miaka ishirini na mbili iliyopita ilikuja ya mwisho, ikapakia mizani, sefu na mabenchi ya abiria, ikaenda zake.

Stesheni Masta alibaki kwenye jengo kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumhamisha. Dada yake, yaani mama yake Fundi, alihamia hapo na kitoto chake mgongoni kwa sababu siku hiyohiyo mumewe, Nyapara wa mafundi wa reli, alitoweka.

Kutoweka kwenyewe kulielezwa hivi. Asubuhi Nyapara alitoka na kiberenge, kigari kidogo cha reli, kukusanya vifaa njiani. Stesheni Masta alimwambia dada yake kwamba shemeji alirudi mapema, akatundika pete ya njia nyuma ya mlango, akadandia treni ya mwisho kule kwenye tangi la maji, akaenda mjini bila kuaga. Watu wakaongeza chumvi yao. Wengine walimwona huko mjini kwa macho yao na mke mpya, na kila mmoja alimwona na mke tofauti.

Pete ya njia si ya kidole. Ni duara la chuma la kuvaa begani, lenye kisahani cha shaba chenye namba. Reli ilikuwa moja, na sheria ilikuwa moja: asiye na pete haingii njiani, awe treni, awe kiberenge. Ikitolewa moja kwenye mashine ya ofisini, mashine inajifunga na haitoi nyingine mpaka ile irudi.

Mama yake Fundi ana kisa anachompa kila mgeni kabla hata ya maji ya kunywa. Treni ya mwisho aliiruhusu yeye. Kaka yake alikuwa ghalani anapakiza mizani, dereva anapiga honi kwa hasira, basi yeye akachukua pete namba kumi na nne, akakimbia nayo jukwaani na mtoto mgongoni, akamkabidhi dereva kwa mkono wake. Hapo huwa ananyamaza kidogo, kisha anamalizia kwamba laiti angejua mumewe yumo asingeitoa.

Leo jengo linavunjwa. Nyundo ilipobomoa ukuta nyuma ya kabati la tiketi likaanguka furushi. Nje lilikuwa koti la Nyapara. Ndani ilikuwa pete ya njia, namba kumi na nne.

Fundi aliivaa pete begani bila kufikiri, akalikunja koti mkononi, akaenda chumba cha kungojea abiria. Humo ndimo mjomba wake amelazwa miezi mitatu, miguu imevimba, haisimami. Kila asubuhi humwamkia kabla ya kuvuka kizingiti. Leo hakuamkia.

"Mjomba, baba aliondoka na koti hili mwilini. Limeingiaje ukutani?"

Mzee aliliona, akafumba macho. Akaomba maji, akapewa. Akaomba mto uinuliwe, ukainuliwa. Fundi akamwambia kwamba akimaliza kuomba vyote vilivyomo chumbani, swali litakuwa bado linamngoja.

Mzee akadai kuwa hayo ni mambo ya zamani, kichwa kimechoka, hakumbuki. Ndiye huyuhuyu anayekumbuka treni iliyochelewa dakika nne mwaka ambao Fundi hajazaliwa.

Nje katapila likaunguruma. Mzee akafumbua macho.

"Linaanzia wapi lile?"

"Mwisho wa jukwaa. Kwenye mawe yako."

Mawe yale yalikuwa kichekesho cha mtaa mzima. Zamani yalipangwa kuandika jina la stesheni ili abiria wajue wamefika. Reli ilipofungwa mzee aliyahamisha mwisho wa jukwaa, akayapanga kuzunguka kipande cha ardhi, na kila mwaka huyapaka chokaa upya. Watu walimuuliza anamngojea nani. Hata dada yake alimcheka, ingawa ndoo ya chokaa alimbebea.

Fundi aligeuka dirishani. Kazi yake ni kupima watu, na jicho limezoea kutangulia futi. Alishawahi kuyatazama mawe yale mara elfu, lakini leo aliyatazama kama mtu anayekata suruali. Urefu ulikuwa wa mwanamume, na nafasi kidogo juu na chini.

Nyuma yake kitu kilianguka kwa kishindo. Mzee alikuwa amejaribu kusimama.

Fundi akageuka, akamkuta sakafuni, shuka limemzonga miguuni, anajivuta kwa viwiko kuelekea mlangoni. Alimshika kwapani, naye akamkamata mkono kwa nguvu ambayo Fundi hakujua kama bado anayo.

"Wazuie, mwanangu. Wasiguse pale. Baba yako yupo pale."

Fundi hakulia. Alihisi hasira tu, hasira ya miaka ya kuitwa mtoto wa mtoro shuleni, dukani, hata kanisani siku ya ubatizo wake. Baba alikuwa hatua arobaini kutoka kwenye cherehani yake siku zote hizo. Akamuuliza mjomba kama ndiye aliyemuua.

"Mimi," mzee akajibu.

Alijibu upesi mno, kama mtu aliyeweka jibu tayari miaka mingi. Kisha akaeleza, sakafuni palepale, mgongo ukiegemea kitanda.

Kiberenge husukumwa kwa mikono, juu na chini, na pete ilimgonga Nyapara mbavuni njia nzima. Basi yeye na shemeji yake walijizoeza ubaya. Nyapara anaitoa pete kwenye mashine kama sheria inavyotaka, kisha badala ya kuivaa anaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi. Madhali imeshatolewa, mashine imefungwa, treni haitapata nyingine. Ikining'inia pale, Stesheni Masta anajua shemeji yuko njiani. Wakafanya hivyo miaka sita, na hata mara moja hapakuharibika neno.

"Siku ile nikasahau," mzee akasema. "Nikaitoa msumarini nikampa dereva. Akamkuta baba yako kwenye kona ya mawe, kilomita moja kutoka hapa. Hakuwa na pa kukimbilia."

Dereva alirudi kwa miguu kumwita. Wawili hao wakamleta Nyapara kwa toroli la mizigo. Mama yake Fundi alikuwa ameshakwenda nyumbani, kule upande wa pili wa kilima. Wakamzika kabla ya adhuhuri, kiberenge wakakisukumia bondeni. Dereva akaweka pete juu ya meza ya ofisi, akamwambia njia imekwisha, achukue mzigo wake, akaondoka na treni. Dereva huyo naye alishafariki. Koti na pete mzee akavizibia ukutani, dada yake asivione.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha kuna kitu kikamkwama, kama uzi unaokataa kupita kwenye tundu la sindano.

"Uliitoa wewe msumarini?"

"Mimi."

"Ukampa dereva kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu. Nenda ukawaambie ni mimi."

Fundi akaitazama pete begani mwake. Namba kumi na nne. Kisa kile alikisikia kabla hajajua kutembea.

"Mjomba," akasema polepole, "treni ya mwisho ilipewa pete na mama."

Mzee alimziba mdomo kwa kiganja. Akamsihi anyamaze, kuta hizi zimebaki nusu, na dada yake huenda yuko karibu.

Ndugu msomaji, sasa umejua alichokijua mtu mmoja peke yake kwa miaka ishirini na mbili. Mama yule aliiona pete inaning'inia, akadhani mumewe amerudi na njia ni nyeupe. Hakujua mazoea ya wanaume wale wawili. Stesheni Masta alitoka ghalani akaiona treni inaondoka, akakimbia kwenye mataruma ya reli akipeperusha bendera nyekundu mpaka pumzi ikamwishia, na dereva hakutazama nyuma.

"Ningemwambia nini?" mzee akasema. "Alikuwa ananyonyesha. Bora amchukie mume aliye hai kuliko ajichukie yeye mwenyewe. Nikamfanya shemeji yangu mhuni naye yuko kaburini, ili dada yangu apate kula na kulala. Na wewe upate maziwa."

Fundi alikuwa na maneno mengi ya kumjibu, mengine ya haki kabisa. Alimrudisha kitandani, akamfunika, akatoka mbio.

Saa tano na dakika ishirini.

Msimamizi wa wabomoaji wanamwita Bwana Saa kwa jinsi anavyoutazama mkono wake. Si mtu mbaya. Asubuhi aliwasaidia kutoa kabati, na alipogundua kuna mgonjwa akaamuru chumba chake kivunjwe cha mwisho. Fundi akamwambia pale penye mawe pana kaburi.

Bwana Saa akashusha pumzi. Jana tu kuna aliyekuja kudai bibi yake kazikwa chini ya ghala. Vijana wakachimba kwa heshima zote, kofia mkononi, wakatoa baiskeli.

Hata hivyo alitoa karatasi mfukoni. Kaburi lina fomu. Fomu inataka jina la marehemu, alikufaje, na sahihi ya mke au mzazi. Ikijazwa inakwenda ofisini, ofisi inakaa nayo siku saba.

"Mimi siku saba sina, dada yangu. Saa sita katapila linapita hapo, na wakubwa nimewapigia tangu asubuhi hawashiki simu."

Fundi akauliza kama hakuna awezaye kusimamisha mashine bila fomu.

"Polisi. Wakisema hapa pana jambo lao, mimi hata ufunguo siugusi."

Fundi akapiga hesabu. Polisi hawaji bure. Watauliza nani alikufa, na baada ya hapo watauliza nani aliua. Kuna majibu mawili. La kwanza ni mzee asiyeweza kusimama. La pili linahamishia vyombo kwa jirani, sufuria kichwani, na litarudi wakati wowote.

Akaomba koleo, amtoe baba yake mwenyewe. Bwana Saa akatazama mkono, akatazama ardhi iliyoshikana, akamwambia kwa huruma kwamba hatawahi. Fundi akalitandika koti pembeni, akaanza kung'oa mawe kwa vidole. Chokaa ilimjaa kwenye kucha. Dereva wa katapila alipunguza moto, akageuka kutazama pembeni.

Saa tano na dakika arobaini na tano, mama akarudi.

Alikuja akifuta jasho kwa ncha ya kanga, anamlalamikia jirani aliyepokea sufuria kumi na kuhesabu tisa. Alipomwona binti yake magotini na pete begani, uso ukamng'aa.

"Kumi na nne hiyo. Mmeipata wapi, jamani?"

Akaja akakigusa kisahani, akakisugua kwa kidole gumba. Akamgeukia Bwana Saa, kwa kuwa Bwana Saa alikuwa mgeni na kisa bado hajakisikia. Akaanza: kaka yake ghalani, dereva na honi yake, mtoto mgongoni, ndiye huyu hapa unayemwona.

"Nikaingia ofisini, pete hiyo inaning'inia nyuma ya mlango. Nikaitoa msumarini, nikakimbia nayo, nikamkabidhi dereva mkononi. Nayo ikaondoka na..."

Akanyamaza. Mara zote hunyamaza hapo, lakini safari hii kunyamaza kwake kulikuwa kwingine.

"Iliondoka na treni," akasema. "Imerudije?"

Macho yake yakashuka kutoka kwenye pete mpaka kwenye mikono ya mwanawe, kutoka mikononi mpaka kwenye mawe, na pembeni ya mawe akaliona koti.

Aliliokota, akaligeuza kiwiko. Kiraka alikipitisha vidoleni mshono kwa mshono, mpaka akafika kwenye uzi uliochomoza mwishoni. Akaukata kwa meno, kama anavyofanya kwa kila nguo anayoimaliza. Fundi aliona afadhali angelia.

"Mwanangu, baba yako siku ile aliichukua pete hii, au aliiacha msumarini?"

"Aliichukua, mama."

"Nitazame unijibu."

Fundi alijaribu. Mungu ni shahidi yake, alijaribu kwa nguvu zake zote. Macho yakakataa, yakakimbilia kwenye mlango wa chumba cha abiria, na mama akayafuata.

Mlangoni alikuwa Stesheni Masta. Alikuwa amejivuta mpaka hapo kwa tumbo, amekaa kizingitini, ameshikilia mwimo kwa mikono miwili. Alikuwa anamtikisia Fundi kichwa: usimwambie, usimwambie. Hakujua kwamba anayemtazama ni dada yake.

Kaka na dada wakatazamana hatua arobaini za jukwaa. Kichwa cha mzee kikaacha kutikisika.

"Alilalamika mbavu," mama akasema, si kwa mtu yeyote. "Kila jioni nikimkanda mafuta, anasema pete inamgonga mbavu. Mwezi wa mwisho akaacha kulalamika. Nikafurahi amepona."

Akakaa chini kwenye nafasi ambayo mawe yalikuwa yameng'olewa. Akaweka kiganja ardhini. Akaomba msamaha kwa sauti ndogo kwa matusi yote ya miaka ishirini na mbili, na alipofika kwenye lile alilomtukana jana sauti ikakatika. Fundi akamkumbatia kwa nyuma. Alihisi mwili wa mama yake umekuwa mzito, kama nguo iliyoloweshwa.

Bwana Saa alitazama mkono wake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma saa. Akasema pole, mama. Akasema hata fomu ikijazwa sasa hivi, ni siku saba. Saa sita imetimia, na asipopitisha yeye ataletwa mwingine kabla ya alasiri, tena huyo hatauliza.

Fundi akamsihi. Akataja ugonjwa wa mjomba, akataja chochote kilichomjia, hata cherehani yake akamwahidi. Mama alimshika mkono, akamnyamazisha, akainuka. Alivaa koti la mumewe. Mikono ilimpita vidole.

"Ulisema nani anaweza kusimamisha mashine hii?" akamuuliza Bwana Saa.

Bwana Saa akasema wakubwa wake, lakini hawashiki simu. Au polisi.

"Basi wapigie polisi. Waambie hapa pana mtu aliyeuawa, kazikwa bila wao kujua. Wasiruhusu jiwe liguswe mpaka wafike."

"Mama, wataniuliza nani kaua," Bwana Saa akasema.

"Waambie ni mkewe. Waambie yupo hapahapa, hakimbii."

Bwana Saa alisita, kisha akampungia mkono dereva wa katapila, na mashine ikazimwa. Akatoa simu, akabonyeza, akaiweka sikioni. Sauti ya upande wa pili ikasikika, ndogo, inauliza shida ni nini.

"Mwongo huyo!"

Ilikuwa sauti ya kuita treni, ambayo jukwaa lile halijaisikia tangu njia ilipofungwa. Stesheni Masta alikuwa amesimama. Sijui alisimamaje, na daktari wake akisoma gazeti hili atabisha. Alikuwa amesimama wima mlangoni kwa miguu yake iliyovimba.

"Mwongo huyo, usimsikilize. Stesheni ni yangu, pete ni yangu, njia ilikuwa yangu. Niliitoa mimi. Taja mimi."

"Kaka, kaa chini," mama akasema. "Umenibebea vya kutosha."

"Taja mimi!"

Bwana Saa aliwatazama, mmoja mlangoni, mmoja juu ya kaburi ndani ya koti la marehemu. Akaiziba simu kwa kiganja. Kisha akamgeukia mtu pekee pale jukwaani ambaye hakuwa amekiri lolote.

"Binti," akasema, "wanataka jina. Nimtaje yupi?"